Dondoo muhimu: Gari lako kabla ya masika

Masika huanza Machi, na mvua kubwa ikinyesha, barabara za mitaa ya Umoja na Kayole jijini Nairobi hugeuka mito. Raba za waipa zikiacha mistari kwenye kioo, badilisha. Tairi ambalo mitaro yake haifiki milimita 1.6 halifai barabarani; mimi ningelitoa likifika 3. Ukishavuka maji, kanyaga breki taratibu mara kadhaa zikauke.

Kubwa kuliko yote: gari likizima majini, tafadhali usipige stata tena. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni huyagonga, konrodi hupinda, na hapo unatafuta injini nyingine. Lisukumeni hadi pakavu, fundi atoe plagi kwanza, maji yatoke.