Aliyeanguka Jangwani Si Lazima Awe na Kiu

Barabara kuu ya Isiolo hadi Moyale, kaskazini mwa Kenya, hupitisha waendesha baiskeli wa masafa marefu wanaosafiri kati ya Cairo na Cape Town. Sehemu yake moja, kutoka Laisamis hadi mji wa Marsabit, ni mwendo wa siku nzima: takribani kilomita 90 kupitia ukame wa Kaisut, nchi ya Warendile na ngamia wao. Tutaitumia siku hiyo kujifunza jambo linalomhusu pia mkulima, mchungaji na mwanamichezo: mtu akianguka baada ya kutaabika juani, maji yaweza kumwokoa, na yaweza pia kumwua.

Joto hutoka wapi

Misuli ya miguu hugeuza takribani robo tu ya nishati inayotumia kuwa mwendo. Sehemu iliyobaki huwa joto. Mwili huliondoa joto hilo hasa kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Katika hewa kavu jasho hukauka upesi mno, hata msafiri hudhani kuwa hatoki jasho. Kinachomsuta ni madoa meupe ya chumvi kwenye shati lake.

Kwenye tambarare, mwendo wa baiskeli wenyewe humpepea. Lakini baada ya Logologo barabara huanza kupanda mlima Marsabit, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hapo mwendo hupungua, upepo wa kumpoza hupungua nao, na misuli huzidi kufanya kazi. Kwa hiyo hatari huweza kuwa kubwa zaidi mwishoni mwa siku, wakati msafiri anapoamini kuwa amekwisha kufika.

Wasafiri wawili, hali mbili

Tuchukulie mfano wa wasafiri wawili, kila mmoja akiwa na uzito wa kilo 70 na akiwa njiani kwa saa 8.

Wa kwanza huendesha kwa kasi. Hutoka jasho lita 1 kwa saa, naye hunywa nusu lita. Jioni amepungukiwa na lita 4, karibu asilimia 6 ya uzito wake. Ana kiu kali, mdomo mkavu, mkojo mchache wa rangi nzito, moyo unaokwenda mbio na kizunguzungu anaposimama.

Wa pili huendesha polepole. Hutoka jasho la mililita 600 kwa saa, lakini kwa kuliogopa jangwa hunywa lita 1 ya maji matupu kila saa. Jioni amezidisha zaidi ya lita 3. Kazi ngumu ya muda mrefu huufanya mwili utoe homoni inayozizuia figo kumwaga maji, hivyo maji hayo hubaki mwilini na kuizimua sodiamu ya damu, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Maji huingia katika seli za ubongo, nazo huvimba. Msafiri huyu huumwa kichwa, hutapika, vidole vyake hujaa hata pete hubana, kisha huanza kuchanganyikiwa na huweza kupata degedege.

Wote wawili wamechoka, wamelegea na wana kichefuchefu. Anayewatazama juujuu atawanywesha wote maji, naye atamdhuru wa pili.

Kwa mhudumu wa afya

Uliza kwanza: amekunywa nini, kiasi gani, na amekojoa lini? Mpime uzito ikiwa uzito wake wa asubuhi unajulikana. Aliyeongezeka uzito baada ya siku ya jasho hakupungukiwa na maji.

Aliyepungukiwa na maji, akiwa na fahamu, apewe ORS kidogo kidogo. Aliyezidisha maji asipewe maji wala ORS, kwa sababu sodiamu ya ORS ni milimoli 75 tu kwa lita, chini ya ile ya damu. Akiwa na dalili nyepesi, asinywe kitu mpaka akojoe vya kutosha. Akichanganyikiwa au kupata degedege, ni dharura: hospitalini hupewa mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 3 kwa mshipa.

Usisahau kupima joto la mwili, ikiwezekana kwa njia ya haja kubwa. Likizidi nyuzi 40 na fahamu zikavurugika, hicho ni kiharusi cha joto. Mpoze hapo hapo: kivuli, nguo zivuliwe, amwagiwe maji na kupepewa. Poza kwanza, safirisha baadaye.

Kwa msafiri na mgonjwa

Beba maji ya kutosha, lakini unywe unaposikia kiu, si kwa ratiba ya woga. Kula chakula chenye chumvi njiani. Pumzika saa za jua kali, na anza kupanda mlima ukiwa umepoa. Mwenye maradhi ya figo au moyo, mwenye kisukari, mzee, na anayetumia dawa za kuongeza mkojo, amwone daktari kabla ya safari, kwani kiu peke yake si kiongozi wa kutosha kwake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini shati kavu si ushahidi kwamba msafiri hatoki jasho?
2. Ni maswali gani utamwuliza aliyeanguka kabla ya kumpa maji?
3. Kwa nini ORS haimfai aliyezidisha maji?