Marsabit: Mlima wa Ukungu Katikati ya Jangwa

Ukishapita Laisamis na Logologo, nyika ya mawe hukatika. Gari linapanda, hewa inapoa, na mbele unauona msitu. Huo ndio mlima Marsabit, volkeno iliyolala yenye kimo cha takriban mita 1,700, huku jangwa la Chalbi likiwa kaskazini-magharibi yake.

Hauna mito ya kudumu. Usiku upepo wenye unyevu hupanda mlimani na kuwa ukungu, na miti huudondosha tone kwa tone. Maji hayo ndiyo yaliyowavuta Waborana, Wagabra, Warendille na Wasamburu pamoja na mifugo yao, kisha Waburji, wakulima wenye asili ya Ethiopia.

Kufika
Kutoka Nairobi hadi mji wa Marsabit ni zaidi ya kilomita 500 kupitia Isiolo. Mabasi huondokea Eastleigh na njia nzima ni lami. Zamani abiria walipanda juu ya malori ya mifugo. Beba sweta, kwani asubuhi kuna baridi.

Mbugani
Lango la mbuga ya Marsabit liko karibu na mji. Malipo si ya taslimu, na mvua ikinyesha, gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne litakwama kwenye tope. Nenda hadi Ziwa Paradise, ndani ya shimo la volkeno ambalo wenyeji huliita gof. Wamarekani Martin na Osa Johnson walipiga kambi hapo miaka ya 1920 wakipiga filamu za wanyama. Humo msituni pia aliishi Ahmed, tembo wa pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri mwaka 1970. Alikufa 1974, na sanamu yake iko Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Visima vinavyoimba
Viko Ulanula, nje kidogo ya mji. Vijana husimama kisimani mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo kwa mdundo wa wimbo. Wa juu kabisa humimina kwenye birika la udongo huku ng'ombe wakingoja zamu. Nenda wakati wa kiangazi, kwa sababu mvua zikinyesha mifugo hunywa kwingine.

Pale ni kazini kwa watu. Tafuta mwenyeji akupeleke kwa wazee, omba ruhusa, kubalianeni malipo, ndipo utoe kamera. Ukinyimwa ruhusa, iache mfukoni.