Ndege Walao Nyama

Mtoto akaaye Mbagala au Tandika, Mwananyamala au Kunduchi, hana haja ya kusafiri mbali ili amwone ndege mwindaji. Na asimame uwanjani saa 3 asubuhi, jua likiisha kuwa kali, atazame juu. Baada ya muda kidogo ataona ndege mkubwa wa rangi ya kahawia akizunguka polepole bila kupiga mabawa. Huyo ni mwewe. Kuku wanamjua kuliko sisi: kivuli chake kikipita mchangani, mama kuku hulia mlio wa namna ya peke yake, na vifaranga wote hukimbilia chini yake.

Hapo zamani Kinondoni na Temeke zilikuwa vijiji na mashamba ya minazi. Sasa nyumba zimesongamana huko, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Wanyama wengi waliokaa katika vichaka vile wametoweka. Mwewe hakuhama. Mahali penye watu wengi pana takataka nyingi, na penye takataka pana panya, mijusi na mabaki ya chakula, na hivyo ndivyo anavyovitafuta.

Tazameni jinsi anavyoruka. Jua likipiga mabati na barabara, hewa iliyo karibu nayo hupata moto na kupanda juu. Mwewe huitafuta hewa hiyo, akatandaza mabawa, akachukuliwa juu kama jani juu ya maji. Ndiyo sababu asubuhi na mapema hammwoni akizunguka. Hukaa juu ya mti au mnara akingoja hewa ipate moto. Mkia wake una panda, yaani umegawanyika kidogo katikati, naye huupinda huku na huku kama nahodha ashikaye usukani. Kwa mkia huo mtamtambua hata akiwa mbali sana. Akikaribia, tazameni mdomo: mwewe wetu aliyekwisha kukomaa ana mdomo wa manjano.

Nendeni Kunduchi wakati ngalawa zinaporudi, au soko la samaki la Feri, mkaione kazi yake. Watu wanaoparua samaki hutupa matumbo, naye hushuka kwa kasi, huyanyakua kwa makucha bila kutua, kisha hula huku anaruka, akiinamisha kichwa kuifikia miguu yake. Matumbo yale yakiachwa juani yangeoza na kuleta nzi. Wala hachagui. Panya aliyekanyagwa na gari, mjusi, kumbikumbi wanaotoka ardhini baada ya mvua, wote kwake ni chakula.

Je, mwewe si mwizi? Ni mwizi. Si haki kumtetea kwa uongo. Mwalimu akisema kwamba mwewe hali vifaranga, mama yenu atamcheka, maana yeye amewahesabu asubuhi kumi, na jioni wanane. Hata kipande cha nyama mkononi mwa mtoto mwewe hukinyakua. Lakini kifaranga huchukuliwa zaidi katika majuma yake ya kwanza, tena akiwa mahali peupe. Mfugaji mwangalifu huwafunika vifaranga kwa tenga, au huwajengea banda la wavu, au huwaacha wachakure chini ya mwembe wenye matawi mengi, ambapo ndege mwenye mabawa marefu hawezi kupita. Wengine huwapaka vifaranga rangi nyekundu au ya zambarau ili mwewe asiwatambue. Kama dawa hiyo inafaa sana au kidogo, waulizeni wanaoitumia. Mimi nimesikia majibu ya namna mbili. Tenga halina ubishi.

Kiota chake hukijenga juu ya mti mrefu, kama mwembe au mvinje. Nje ni vijiti. Ndani hutandika matambara, karatasi, na kila kitu laini alichokiokota. Kabla ya mifuko ya plastiki kukatazwa nchini, tarehe 1 Juni 2019, hata mifuko hiyo ilitandikwa. Mayai huwa 2 au 3, nayo hulaliwa kwa mwezi mmoja na zaidi kidogo. Kisha makinda hukaa kiotani majuma kama 6. Mtu akiukata mti ule siku hizo, huwaua wote kwa shoka moja.

Tena mwewe ana maadui wengine mjini. Wale kunguru wenye shingo ya kijivu si wenyeji wa nchi hii. Asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka, wakazaana, wakafika bara. Huiba mayai na makinda wa ndege wengine, na wakimwona ndege mwindaji humzonga kwa makelele mpaka aondoke. Basi mkisikia kunguru wengi wakipiga kelele mchana kuuzunguka mti mmoja, msipite tu. Tazameni ndani ya majani. Mara nyingi yumo ndege mwindaji, na pengine ni bundi aliyetaka kulala.

Na habari za bundi ni ngumu zaidi kuliko za mwewe, maana mwewe huchukiwa kwa kosa alilolitenda.

Watu wengi husema kwamba bundi akilia juu ya paa, mtu wa nyumba ile atakufa. Tufikiri kwa hesabu. Bundi hulia usiku mwingi katika mwaka, maana ndivyo anavyomwita mwenzake na kuwaonya bundi wengine wasiingie mahali pake. Na katika mji wenye watu zaidi ya milioni 5, hakuna usiku upitao bila msiba. Basi bundi akilia na jirani akafa, habari husimuliwa miaka 20. Bundi akilia na watu wote wakaamka salama, nani atasimulia?

Nasema haya kwa kuwa nilipata kuyaona matokeo yake. Nilikuwa nikifundisha katika shule moja upande wa Temeke. Bundi wawili weupe, wenye uso wa umbo la moyo, walikaa darini juu ya chumba cha vitabu. Mwanafunzi mmoja wa darasa la 6 alikuwa na bibi yake mgonjwa, na nyumba yao ilikuwa karibu na ukuta wa shule. Usiku mmoja bundi akalia. Siku ya pili yake, jua lilipokwisha kutua, yule kijana na rafiki zake wawili walingoja penye tundu la dari, mawe mkononi, na bundi mmoja alipotoka wakampiga, akafa. Hawakufanya kwa uovu. Kijana alimpenda bibi yake, akadhani anamwokoa.

Asubuhi tulisikia sauti darini, kama mtu anayekoroma. Tukapanda ngazi. Mlikuwa na makinda watatu wamekumbatiana, manyoya yao bado kama pamba. Chini yao palikuwa na vidonge vyeusi, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba. Watoto wengine walisema ni dawa za wachawi. Nikavishusha, nikavitia katika maji ya vuguvugu, nikawapa vijiti wavipambue. Bundi humeza panya mzima. Nyama huyeyuka tumboni, lakini manyoya na mifupa hawezi kuvisaga, basi hukusanyika kuwa donge, naye hulitapika. Katika donge la kwanza mlikuwa na mafuvu matatu ya panya, meno ya mbele yangali ya manjano. Katika la pili, mawili. Yule kijana ndiye aliyeyapanga juu ya karatasi, moja baada ya moja, wala hakusema neno. Ghala ya mahindi ya shule ilikuwa hatua chache tu kutoka pale tulipokaa.

Bundi aliyebaki aliwinda peke yake. Kinda mmoja alikufa baada ya siku 4, wa pili baada ya juma. Wa tatu aliruka.

Na bibi? Alikuwa na malaria. Akapewa dawa zahanati, akapona, akaja shuleni mwenyewe kwa mkongojo, akataka aonyeshwe tundu la dari. Alilitazama sana, kisha akamgeukia kijana.

"Mjukuu wangu, yule alikuwa akiwatafutia wanawe chakula. Wewe ukafikiri ananililia mimi."

"Nisamehe, bibi."

"Mimi huniombi msamaha. Hukunipiga mimi."

Jiwe si hatari ya pekee kwa ndege hawa. Sumu ya panya mara nyingi huua polepole. Panya aliyeila huenda akatembea siku kadhaa akiwa dhaifu, naye huyo dhaifu ndiye rahisi kukamatwa. Bundi au mwewe akimla, sumu huingia mwilini mwake. Basi nyumba inayotega mitego haiwadhuru ndege kama nyumba inayomwaga sumu. Na ikiwa sumu imekwisha kutumika, panya waliokufa na wafukiwe, wasitupwe jaani. Katika nyika za mbali jambo hili lina ukubwa mwingine. Mfugaji aliyepotewa na ng'ombe hutia sumu katika mzoga ili amwue simba, na tai wanaoshuka kuula mzoga huo hufa kwa makundi. Mwaka 2015 tai wa mgongo mweupe, aliyekuwa wa kawaida sana Afrika, aliandikwa katika daraja la viumbe walio karibu kabisa kutoweka duniani.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania, ya mwaka 2009, huwahesabu ndege pamoja na wanyama wengine wa mwituni. Kumwinda au kumkamata bila kibali ni kosa. Kwa hiyo kinda wa mwewe aliyefungwa uzi mguuni, kama nilivyoona mara nyingi vichochoroni, si mchezo wa watoto. Lakini askari hawezi kusimama chini ya kila mti, na nchi nyingine imetuonyesha watu wanavyoweza kuacha wenyewe.

Kuna kozi mdogo aitwaye kozi wa Amur. Huzaliana mbali, upande wa mashariki ya Asia, na kila mwaka huja Afrika kwa kuvuka Bahari ya Hindi, kama kilomita 3,000 bila mahali pa kutua. Mnamo Novemba na Desemba makundi yao hupita Tanzania yakifuata mvua na kumbikumbi. Kabla ya kuvuka bahari hupumzika Nagaland, kaskazini-mashariki ya India. Mwaka 2012 habari zilienea kwamba karibu na maji ya Doyang, huko Nagaland, watu walikuwa wakiwanasa kwa nyavu, maelfu kwa maelfu, kwa ajili ya nyama. Waliokuwa wakifanya hivyo hawakuwa matajiri. Biashara ile iliwalipia watoto wao ada za shule. Hata hivyo wazee wa vijiji walikutana, na makanisa nayo yakasema, wakapatana kuacha. Mwaka uliofuata, 2013, nyavu hazikutandazwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo kozi watatu walifungwa mgongoni vyombo vidogo vya kuonyesha njia yao, wakapewa majina: Naga, Wokha na Pangti. Pangti ni jina la kijiji kimoja cha wanasaji wale wale. Vyombo vikaonyesha ndege hao wakivuka bahari hata Afrika. Safari za namna hii zimewashangaza watu tangu kale. Mkisoma kitabu cha Ayubu, sura ya 39, mtaikuta habari ya ndege mwindaji aendaye kusini.

Basi anzeni daftari. Msipande mtini kutazama kiota, maana mama akifukuzwa hata kwa dakika chache kunguru huja kula mayai. Kaeni mbali, chini ya kivuli, mkatulie. Andikeni tarehe, saa, mahali, na ndege alikuwa akifanya nini: alizunguka, alikaa, alibeba kijiti, alizongwa na kunguru. Mkibeba kijiti chake machoni mpaka mti alioutua, mmeupata mti wa kiota. Andikeni pia rangi ya mdomo. Wakati wa baridi ya Ulaya, tangu Oktoba hata Machi, huja kwetu mwewe wengine kutoka huko, nao wana mdomo mweusi na kichwa cha kijivujivu. Lakini mkiona mdomo mweusi, msiandike upesi kwamba ni mgeni wa Ulaya. Kijana wa mwewe wetu naye ana mdomo mweusi mpaka atakapokomaa. Andikeni "mweusi" tu, kisha mwende mkamtazame tena.