Njia Mbili Zisizokutana: Kuhifadhi Data kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam

Ghala la data ni kundi la diski lililounganishwa na kompyuta kadhaa, ili zote zisome na kuandika mahali pamoja. Ghala lililo katika jengo moja laweza kuteketea kwa moto au kuharibiwa na radi. Kwa hiyo hufaa nakala yake itunzwe mbali. Na ichukuliwe kwa mfano hospitali iliyoko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, inayotaka nakala ya kumbukumbu za wagonjwa wake iwekwe Dar es Salaam.

Diski zina lugha yake. Njia za masafa marefu hubeba pakiti za intaneti. Hivyo ujumbe wa diski hutiwa ndani ya pakiti, kama barua ndani ya bahasha, nao hufunguliwa ufikapo. Njia ya namna hii huitwa handaki. Kanuni za handaki kwa mitandao ya Fibre Channel zilichapishwa mwaka 2004.

Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Mkongo ukiwa na urefu wa kilomita 1,000, kwenda na kurudi huchukua sekunde 1/100. Ghala likingoja jibu kila liandikapo, haliwezi kuandika zaidi ya mara 100 kwa sekunde, moja baada ya nyingine. Lisipongoja, kazi huenda upesi. Lakini njia ikikatika, yale yasiyovuka hubaki Bariadi tu. Ghala la Bariadi likiharibika saa hiyo, kumbukumbu hizo hupotea.

Ndipo huhitajika mahandaki mawili: moja likinyamaza, jingine hubeba mzigo wote. Iwapo kila moja hukatika saa 1 katika saa 100, yote mawili hukatika pamoja saa 1 katika saa 10,000. Hesabu hii ina sharti: kukatika kwa moja kusihusiane na kukatika kwa jingine.

Mikongo mingi ya nchi kavu hufukiwa kandokando ya barabara. Mkongo mmoja ukifuata barabara ya Maswa, na mwingine ukipita Lamadi na Mwanza, huonekana ni njia mbili. Lakini barabara hizo hukutana Mwigumbi, kabla ya kufika Shinyanga. Mtaro ukichimbuliwa mbele ya hapo, mahandaki yote mawili hukatika. Ingefaa njia ya pili itoke Lamadi ielekee Bunda na Musoma, na kufika Dar es Salaam kwa upande wa kaskazini.

Bahari nayo imetoa funzo hilo. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na huduma ya intaneti ikazorota Tanzania. Mikongo ilikuwa miwili. Msiba ulikuwa mmoja.

ZOEZI
1. Njia A hukatika saa 2 katika 100, na njia B saa 5 katika 100. Zisipohusiana, zote mbili hukatika pamoja saa ngapi katika 1,000?
2. Eleza kwa nini jibu hubadilika njia hizo zikivuka daraja moja.