Keki ya Bangi Haina Kipimo

SWALI: Daktari, hapa Ifakara vijana wanasema bangi ya kwenye keki au juisi haina madhara kama ya kuvuta, kwa kuwa haina moshi, na kwamba mtu mzima akianza na kipande kidogo hapati shida. Wengine wanadai inatibu kifafa. Je, kipo kiasi salama kwa anayeanza? – Msomaji, Ifakara.

JIBU: Vijana hao wana ukweli wao, tena tuuseme kwanza. Moshi wa kitu chochote kinachoungua huumiza mapafu, na anayekula keki havuti moshi. Ila kukosa moshi si kukosa madhara. Katika bangi ya kuliwa hatari huhama kifuani ikaingia kwenye mambo mawili, saa na kipimo, na hapo ndipo ushauri wa “anza na kidogo” unapokwama kwa mtu wa bonde la Kilombero.

Tuanze na saa. Anayevuta huisikia bangi ndani ya dakika chache, kwa hiyo anajua wakati wa kuacha. Anayekula hana budi kungoja kile kiini kinacholevya, kinachoitwa kwa kifupi THC, kipite tumboni, kiingie ini, ndipo damu ikifikishe kwenye ubongo. Hilo huchukua nusu saa hadi saa mbili, na aliyetangulia kushiba wali na nyama ya mafuta anaweza kungoja zaidi. Isitoshe, ini hugeuza sehemu ya kiini hicho kuwa kemikali nyingine inayoingia kwenye ubongo kwa urahisi na kulevya vikali. Kilele huja kati ya saa mbili na nne baada ya kula, na ulevi wenyewe unaweza kudumu saa sita, nane, hata kumi na mbili. Aliyekula saa moja asubuhi akaona kimya, saa tatu yuko kwenye bodaboda akielekea Mlimba, au ndani ya mtumbwi kwenye mto wenye mamba na viboko, na hapo ndipo kichwa kinapoanza kuzunguka.

Ukimya huo wa mwanzo ndio unaowaponza wengi, maana mtu hudhani kipande hakikufanya kazi, akaongeza kingine. Mwezi Machi 2014 kijana wa miaka 19 kutoka Kongo, aliyekuwa akisoma Marekani, alifika Denver katika jimbo la Colorado, ambako duka la bangi ni duka kama maduka mengine. Alikula kipande kimoja cha biskuti kama muuzaji alivyomwelekeza. Kati ya nusu saa na saa moja baadaye, hakuona kitu, akamaliza biskuti yote. Ilikuwa na miligramu 65 za THC, wakati sehemu moja ya mlaji katika jimbo hilo ni miligramu 10. Alianza kusema ovyo na kuwa mkali, na saa tatu na nusu baada ya kipande cha kwanza aliruka kutoka kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne akafa. Kwa hiyo anayeniambia kwamba bangi haijawahi kuua namjibu hivi: ni kweli kwamba sumu yake yenyewe ni nadra kuua mtu mzima mwenye afya, lakini hofu, kuchanganyikiwa na kupoteza uamuzi huua, na huua haraka zaidi kwa aliye juu ya pikipiki.

Zingatia kwamba biskuti ile ilikuwa na lebo. Kanada iliporuhusu vyakula vya bangi mwaka 2019 iliamua pakiti nzima isizidi miligramu 10, na wanaoanza huko hushauriwa nusu au robo ya hapo, kisha wangoje saa kadhaa bila kuongeza. Ushauri huo una maana kwa sababu mtu anajua ana nini mkononi. Sasa itazame keki yetu. Imepikwa na nani, hatujui. Bangi iliyotiwa ilikuwa na nguvu kiasi gani, hata mpishi hajui. Kiini chake huyeyuka kwenye mafuta, hakiyeyuki kwenye maji, hivyo siagi isipokorogwa sawasawa kipande cha pembeni hutoka kitupu na cha katikati kikabeba mzigo wa watu watano. Vinywaji navyo ni hivyo hivyo: majani yaliyochemshwa kwa maji matupu hutoa kiini kidogo, lakini ukiyachemsha kwenye maziwa yenye mafuta mengi mambo hubadilika. Ukubwa wa kipande hauonyeshi kiasi cha bangi kilichomo. Mtu anaweza kunipinga kwamba kungoja hakuhitaji lebo, na ni kweli, kungoja humwokoa mtu na kipande cha pili. Hakumwokoi na cha kwanza, ikiwa hicho cha kwanza tayari kilikuwa kimezidi.

Halafu wako watoto, na hapa ningependa Ifakara inisikilize zaidi ya kwingine. Keki ni keki machoni pa mtoto. Marekani, pamoja na makopo yao magumu kufunguliwa na maandishi ya onyo, taarifa za watoto wa chini ya miaka sita waliokula vyakula vya bangi zilipanda kutoka 207 mwaka 2017 hadi 3,054 mwaka 2021. Mtoto aliyekula hulegea, hulala usingizi usioamshika, wengine hupata degedege au kupumua kwa shida. Sasa mpeleke mtoto huyo kwenye zahanati yoyote ya bonde hili. Mhudumu atafikiria nini kwanza? Malaria ya kichwani, na atakuwa na haki. Huu ndio mji ambao Waswisi walifungua maabara yao mwaka 1957, iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na malaria imekuwa kazi yake kubwa. Atapima kwa kipimo cha haraka, na kipimo kinaweza kusoma chanya, kwa kuwa watoto wengi wa sehemu zenye malaria hubeba vimelea bila kuumwa, na kipimo hicho huendelea kusoma chanya wiki kadhaa hata baada ya mtoto kupona. Basi mtoto atatibiwa malaria huku mzazi anayejua habari ya keki amekaa kimya kwa kuogopa polisi. Kimya hicho kinaweza kumgharimu mtoto.

Kuhusu kifafa, naelewa swali linakotoka. Ng’ambo ya mto, huko Mahenge, kifafa kimesumbua familia nyingi kwa miaka mingi; Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki yake huko zaidi ya miaka 60 iliyopita, na watafiti wamekihusisha na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wa mitoni. Ni kweli pia kwamba mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa inayotokana na mmea wa bangi kwa aina mbili za kifafa kikali kinachoanza utotoni. Lakini dawa hiyo ni kanabidioli iliyosafishwa, kiini kisicholevya, inayotolewa kwa kufuata uzito wa mgonjwa huku ini lake likipimwa. Keki ya mtaani imejaa THC. Anayetumia fenobabitali, dawa ya kifafa, akaongeza keki hiyo atajizidishia usingizi, na anayeacha fenobabitali ghafla ili atibiwe na keki anaweza kupata degedege lisilokatika, ambalo huua.

Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya inakataza bangi, ya kuvuta na ya kula pia, na Mamlaka husika imeshaonya kuhusu biskuti zilizochanganywa bangi. Wapo wasemao kwamba kukataza tu hakusaidii. Nakubaliana nao, ndiyo maana nimeeleza sababu badala ya kutaja adhabu. Jibu langu kwa mtu mzima anayetaka kuanza ni kwamba asianze, na aliye mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa moyo au mwenye ndugu wa damu aliyeugua akili asifikirie kabisa.

Na aliyekwisha kula? Asiongeze, asinywe gongo wala pombe yoyote juu yake, asiendeshe chombo hadi kesho yake. Akae mahali patulivu na mtu asiyelewa, anywe maji kidogo kidogo. Msimnyweshe maziwa kama tulivyozoea kufanya kwa sumu: hayaondoi bangi, na aliyelegea anaweza kupaliwa. Msimtapishe. Akisikia maumivu ya kifua, akizimia, akiona visivyokuwepo au akitaka kujidhuru, na kwa mtoto kwa dalili yoyote ile, nendeni hospitali mara moja. Hakuna dawa ya kuifuta bangi mwilini; daktari husaidia pumzi, maji na utulivu hadi ipite. Chukueni kipande kilichobaki pamoja na karatasi yake, na mwambieni daktari alikula nini na saa ngapi.