Nikishajua kisa, nifanye nini?

Swali: Mwalimu, hadithi fupi naisoma hata mara tatu na kisa nakielewa, lakini nikiulizwa dhamira au ishara nabaki kusimulia tu. Nakosea wapi?

Jibu: Mwanangu, kisa ni mlango tu, ingia ndani. Chukua “Tumbo Lisiloshiba” ya Said Ahmed Mohamed. Jitu linaingia mkahawani kwa Mzee Mago, linakula chakula chote, halishibi, linaahidi kurudi kesho. Anayesimulia tu ataishia hapo. Wewe jiulize: kwa nini ni jitu, si mteja wa kawaida? Na kwa nini linakuja wakati wanyonge wa mtaa wa Madongoporomoka wanahofia kunyang’anywa ardhi yao? Hapo tumbo si tumbo tena, ni uroho wa wakubwa unaomeza mitaa ya maskini. Ishara umeipata, na dhamira imo humo humo.

Mara ya kwanza soma bila kalamu, uonje utamu. Ya pili, pigia mstari kinachorudiwa na kinachokushangaza. Kila hoja ishikize kwenye tukio la hadithini. Na miongozo ya madukani, nakusihi, usiifungue kabla hujaandika maoni yako mwenyewe.