USIONDOKE BILA NAKALA
Kijitabu cha elimu kuhusu utafiti wa vinasaba, kwa wakazi wa Kambi Muru, vijiji vingine vya Kibera, na Kawangware

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Wakazi wa Kambi Muru, Makina na Lindi, na baadaye wa Kawangware, wamekuwa wakija kwa wasaidizi wetu wa kisheria na kisa kile kile. Mtu mwenye beji shingoni alibisha hodi, akauliza maswali huku akibonyeza tableti, akachukua damu au mate, akaomba sahihi, akatoa nauli na pakiti ya unga, akaaga. Tukiuliza utafiti ni wa nani, kimya. Tukiuliza karatasi iliyotiwa sahihi iko wapi, jibu ni moja: alienda nayo.

Wengi wanadhani kosa lilikuwa kutoa damu. Sivyo. Kosa ni kuiacha karatasi iende. Tunalisema sasa na tutalirudia hata msomaji akichoka: USIMRUHUSU MTAFITI AONDOKE KABLA HUJASHIKA MKONONI NAKALA YAKO YA FOMU YA RIDHAA.

Kinachochukuliwa

Ndani ya mate, damu au mzizi wa unywele mna DNA, yaani vinasaba ulivyorithi kwa mama na baba. Vyote kwa pamoja huitwa jenomu, na ni kama herufi bilioni 3. Mradi wa kwanza wa kuisoma jenomu ya binadamu ulikamilika mwaka 2003 baada ya miaka 13 na karibu dola bilioni 3. Leo mashine huisoma kwa siku chache, kwa gharama isiyofika dola 1,000. Ndiyo maana watafiti wamefika hadi mlangoni pako. Bei imeshuka, na vinasaba vya Waafrika, ambavyo vina tofauti nyingi kuliko vya watu wa bara lolote, ndivyo vilivyosomwa kidogo zaidi. Unacho kitu kinachotafutwa. Jua hivyo kabla ya kupokea unga.

Hatusemi ukimbie. Shirika letu halijawahi kupinga utafiti, na anayeeneza kwamba tunawafukuza madaktari hajasoma vijitabu vyetu vya awali. Chukua ugonjwa wa seli mundu. Familia nyingi za Kibera zina asili ya Nyanza na Magharibi, sehemu ambako kinasaba chake ni cha kawaida. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Watafiti wa Kilifi wameendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi. Lakini wazazi wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina uwezekano wa mara moja katika nne kuzaa mtoto mgonjwa. Mama aliyezika watoto wawili kwa "homa na kuumwa viungo" alistahili kujua hayo mapema.

Au chukua homa ya matumbo, yaani taifodi. Wanasayansi wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyo pale Barabara ya Mbagathi, mwendo wa miguu kutoka Kibera, akiwemo Samuel Kariuki, walisoma vinasaba vya bakteria ya taifodi iliyopatikana Nairobi. Walikuta aina sugu kwa dawa nyingi, ya ukoo mmoja na ile iliyoenea Asia. Dawa tulizozoea kununua kwenye duka la dawa bila kupimwa zilikuwa zimeshindwa. Ushahidi wa namna hiyo ndio unaoisukuma serikali kuleta chanjo, na Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya taifodi.

Hapo pana swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza: mnasoma vinasaba vya mdudu au vyangu? Sampuli ni ile ile, choo au damu ile ile, lakini tofauti ni kubwa. Vinasaba vya bakteria havisemi neno juu ya ukoo wako. Vyako vinasema. Wakati wa korona maabara za Kilifi, na za taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI pale Uthiru, jirani na Kawangware, zilisoma virusi, si watu. Mtafiti mkweli atakujibu kwa sentensi moja. Akizungukazunguka, funga mlango.

 

Kwa nini tunatia mkazo hivi

Ukiibiwa namba ya siri ya M-Pesa, unaibadilisha. DNA haibadilishwi. Tena si yako peke yako: ukitoa yako umetoa nusu ya mama yako, nusu ya mwanao, na sehemu ya binamu aliye Kisumu ambaye hakuulizwa na mtu. Angalia Nanyuki. Watoto waliozaliwa pale na wanajeshi wa Uingereza wameweza kuwatambua baba zao kwa sababu jamaa wa baba hao, huko kwao, walijipima kwa hiari katika kampuni za kutafuta asili. Kwa watoto hao ni haki iliyochelewa, nasi tunaifurahia. Lakini zingatia kilichotokea: mwanamume ambaye hakutoa hata tone la mate alipatikana kupitia ndugu zake.

Na hifadhi za data huvunjwa, au huuzwa. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9 wa kampuni ya Marekani ya 23andMe. Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na wateja wake wakabaki wakiuliza ni nani atakayenunua vinasaba vyao. Hao ni watu waliokuwa na nenosiri, barua pepe na mawakili. Wewe una nini, kama hata nakala huna?

Kuna pia suala la faida. Wanawake wa Majengo, Pumwani, walifuatiliwa na watafiti kuanzia miaka ya 1980, na baadhi yao walionekana kutoambukizwa Ukimwi licha ya kukutana na virusi mara nyingi. Kutokana na miili yao yalizaliwa matumaini ya chanjo. Mwaka 2000 uliibuka mgogoro kati ya wanasayansi wa Nairobi na wa Oxford kuhusu hataza, yaani haki ya umiliki, ya chanjo iliyokuwa ikitengenezwa, Wakenya wakilalamika kwamba wameachwa nje. Ikiwa maprofesa wenye ofisi na barua zenye nembo waliachwa nje, mama wa Majengo angeanzia wapi kudai?

Sheria ipo, na Kibera ina mkono wake

Watu wa mtaa huu hawakungoja kufundishwa. Mapema mwaka 2019 sheria ilibadilishwa ili usajili wa watu, ule wa Huduma Namba, uweze kuchukua hata DNA na mahali unapoishi kwa vipimo vya satelaiti. Nubian Rights Forum, shirika la hapa hapa Kibera, la watu waliozungushwa kwa vizazi kupata kitambulisho, lilikwenda Mahakama Kuu pamoja na mashirika mengine ya haki. Tarehe 30 Januari 2020 majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir waliamua kwamba kuchukua DNA na vipimo vya makazi kwa usajili huo ni kuingilia faragha bila sababu, na ni kinyume cha Katiba. Serikali nzima ilizuiwa. Halafu mkazi wa Kambi Muru anatoa mate kwa mtu asiyemjua kwa pakiti ya unga! Hili linatuudhi, tukubali.

Kesi ikiwa bado mahakamani, Novemba 2019, Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa. Sheria hiyo inaweka taarifa za vinasaba katika kundi la data nyeti. Una haki ya kuambiwa zinatumiwaje, kuziona, kupinga, na kuondoa ridhaa yako wakati wowote, ingawa yaliyokwisha kufanywa kwa ridhaa ya awali hayafutiki. Hazitakiwi kutoka nchini bila ridhaa yako na bila uthibitisho kwamba zitalindwa. Jukumu la kuthibitisha kwamba uliridhia ni lao, si lako.

Mjanja mmoja atasema: kama jukumu ni lao, nakala ya nini? Kwa sababu karatasi iliyoko kwao peke yao ndiyo itakayosimulia ulichokubali. Na kwa sababu huwezi kuondoa ridhaa kwa mtu usiyemjua jina. USIONDOKE BILA NAKALA.

Usidhani mahakama inacheza na jambo hili. Mwaka 2023 maelfu walipanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni ya jicho na mradi wa Worldcoin, kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data zifutwe. Moja ya sababu: ridhaa iliyovutwa kwa fedha si ridhaa. Nauli ni sawa, umepoteza siku ya kibarua. Donge nono ni alama ya hatari.

Jinsi ya kuisoma fomu

Itakuwa kurasa kadhaa, na kijana mwenye tableti ataharakisha. Mwambie akae. Kama husomi, dai isomwe kwa lugha yako mbele ya shahidi unayemchagua wewe, si anayekuja naye. Mwenyekiti wa kijiji na chifu wanaweza kumkaribisha mtafiti mtaani. Hawawezi kuridhia kwa niaba yako.

Sentensi ya kutafuta kwanza ni ile inayosema sampuli "zitahifadhiwa kwa utafiti wa baadaye". Hiyo ni ridhaa pana. Maana yake leo umekubali kuchunguzwa shinikizo la damu, na miaka kumi ijayo wengine watasoma mambo ambayo leo hata jina hayana. Si haramu. Miradi mikubwa na halali hufanya hivyo: ule wa AWI-Gen, uliochukua sampuli za watu kama 12,000 katika nchi nne za Afrika, wakiwemo wakazi wa Korogocho na Viwandani, unaongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Lakini mara nyingi pana kisanduku cha kukubali au kukataa sehemu hiyo peke yake, nacho hurukwa. Kitafute. Unaweza kukubali utafiti wa leo na kukataa ghala.

Kisha uliza kama matokeo yatarudi kwako. Wakigundua una kinasaba cha seli mundu, watakuambia, au kitabaki kwenye kompyuta? Uliza kama kampuni ya dawa itayatumia. Uliza leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), ambayo kila utafiti nchini unatakiwa kuwa nayo, na namba ya kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Viandike. Kliniki haiwezi kukunyima matibabu kwa kuwa umekataa utafiti. Ikikunyima, njoo kwetu siku hiyo hiyo.

Kuhusu nani anafaa kushiriki: mtu mzima wa miaka 18 na zaidi huamua mwenyewe, mtoto huamuliwa na mzazi au mlezi kwa maslahi ya mtoto. Masharti mengine ya umri, ujauzito na maradhi hutofautiana kwa kila utafiti na yamo kwenye fomu. Ile fomu ambayo utabaki na nakala yake.

Ukiwa na malalamiko

Anza na namba ya simu iliyo kwenye nakala. Usipojibiwa, nenda kwa kamati ya maadili iliyotoa kibali. Malalamiko ya data hupelekwa Ofisi ya Kamishna wa Data iliyoko Upper Hill, na sheria inaitaka ikamilishe uchunguzi ndani ya siku 90. Leta fomu, tarehe, na jina lililokuwa kwenye beji. Aliyekwisha kutia sahihi bila kupewa nakala asikae nyumbani akilaumu: aje na majirani waliotembelewa siku ile ile, maana mara nyingi mmoja wao alipiga picha ya beji au alihifadhi namba ya simu, na hapo tunapata pa kuanzia.

Huduma yetu ni ya bure, na kijitabu hiki hakiuzwi. Ukiuziwa, tuambie ni nani.